Sifa za Mchongezi Asiyetaja Jina

Friji mpya ikiletwa nyumbani, majirani huja kuitazama. Televisheni hupewa ukuta wake na kitambaa cha kufuma cha kuifunikia. Hata pasi, ambayo kazi yake ni kunyoosha nguo tu, husifiwa ikipata moto haraka. Lakini sijapata kumsikia mtu akiwaalika wenzake waje waione swichi ya usalama. Imekaa huko juu ya mlango, ndani ya boksi la breka, imejaa vumbi, na siku inayotajwa ni siku ya kutukanwa.

Naona imeonewa vya kutosha. Nimeamua kuisifu hadharani, na nitaisifu kwa yale yale inayotukaniwa.

Kwa umbo si kitu. Ni kidude cha plastiki chenye upana wa vidole viwili vitatu, kina kikono cha kupandisha na kushusha, na kitufe kidogo chenye herufi T ambacho wengi wetu hatujakigusa tangu tuhamie. Usoni pameandikwa 30 mA, au 0.03 A. Mafundi wengine huiita RCD, wengine wamezoea ELCB, na wenye nyumba huiita ile inayokatakata. Ndani yake laini na nyutro zimepitishwa pamoja katikati ya pete moja ya chuma. Umeme unaokwenda kwenye soketi kwa laini unatakiwa urudi kwa nyutro, na maadamu uliokwenda ndio uliorudi, pete haihisi kitu. Ukipungua, basi umepata mahali pengine pa kupitia: bodi ya friji, ukuta wenye maji, au mwili wa mtu. Pete inahisi ile tofauti, kikono kinafyatuka, nyumba inaingia giza.

Sasa tazama ukali wa hesabu zake. Birika la umeme la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7 hivi, na swichi haina neno nazo. Lakini zikipungua miliampea 30 njiani, sehemu moja tu katika 290, shughuli zote zinasimama. Mweka hazina wa kikoba akikuta shilingi 100 zimepungua kwenye elfu 29, akafunga daftari, akazima taa na kuwatoa wanachama wote nje hadi hiyo mia ipatikane, angepigiwa kura ya kuondolewa jioni hiyo hiyo. Swichi hufanya hivyo kila mara, na haigombei kuchaguliwa. Wala haitafakari sana. Viwango vinaitaka iwe imekata kabla ya milisekunde 300, na uvujaji ukifika mara tano ya kiasi chake, ndani ya milisekunde 40, yaani mizunguko miwili ya umeme wetu wa hezi 50. Hakuna kikao cha familia kilichowahi kuamua jambo kwa kasi hiyo.

Anayesifiwa hutajiwa nasaba, na huyu nasaba anayo. Tawi moja kubwa la ukoo wake limetoka humu humu Afrika, kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Zamani mifumo ya kunasa uvujaji ilikuwa ikingoja kama ampea 10 zipotee ndipo ishtuke. Kiasi hicho kililinda mitambo; mtu kikishampitia, kilichobaki ni kumsomea. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin alitengeneza mfumo wa kukata kwenye miliampea 250, kwa ajili ya umeme wa volti 525 wa migodini. Mwaka uliofuata akashuka hadi kati ya 12.5 na 17.5. Kisha mwanamke mmoja akauawa na umeme nyumbani kwake, katika makazi ya wachimbaji ya Stilfontein, na kati ya 1957 na 1958 nyumba mia kadhaa za hapo zikafungiwa swichi za miliampea 20. Kwa hiyo anayeiona swichi hii kuwa kero ya kizungu iliyoletwa kutusumbua amekosea hata njia iliyopitia.

Huko Marekani, Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiwashikisha watu waya kwa hiari yao ili ajue ni umeme kiasi gani humfanya mtu ashindwe kuachia. Kwa wanaume alipata wastani wa miliampea 16 hivi, kwa wanawake 10 na nusu. Mwaka 1961 akabuni swichi yake, na mpaka leo zile za soketi za majumbani mwa Wamarekani hukata kwenye miliampea 5 hivi. Anayelalamika kwamba yake ya 30 ina kisirani awaonee huruma wanaoishi na ya 5.

Tabia yake ya kwanza ya kusifiwa ni kwamba haijui cheo wala shughuli. Itakata wakati wa mechi ya watani wa jadi, dakika ya 88. Itakata wageni wa posa wakiwa ndio kwanza wamekaribishwa soda. Ikishakata, nyumba nzima hupaza sauti moja: kwa jirani upo? Mtoto anakimbia dirishani. Kwa jirani upo, tena wanacheka. Basi lawama inahama kutoka kwa shirika la umeme kwenda mita ya LUKU, kwamba yuniti zimekwisha, na kutoka LUKU kwenda kwa kijana aliyetumwa jana kununua yuniti akarudi na chenji pungufu. Ni baada ya kijana kuapa ndipo mtu mzima anapanda kiti kufungua boksi, na kumbe kikono kiko chini.

Kinapandishwa. Kinaanguka. Kinapandishwa tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa udhaifu wa kidole.

Mchongezi wa kawaida huja na jina la mtu, tarehe na chumvi juu yake. Wa kwetu ana staha. Anasema tu kwamba humu ndani kuna anayevujisha, kisha ananyamaza, na nyumba inageuka baraza. Bibi anakumbusha kwamba kiwanja kilikuwa na mbuyu. Shemeji, ambaye aliwahi kufunga spika kwenye daladala, anashauri iletwe swichi kubwa zaidi. Wengi wanamhukumu aliyewasha kitu mwisho, na huyo kwa kawaida ni dada wa kazi, na kwa kawaida hana hatia.

Njia ya kumpata mhalifu ni nyepesi kuieleza na nzito kuivumilia. Chomoa kila kitu. Kuzima kwenye soketi hakutoshi, maana vitufe vya soketi nyingi hukata laini peke yake. Nyutro inabaki imeshikamana na kifaa, na kama ndani ya kifaa hicho nyutro imegusa bodi, kitaendelea kuchokoza hata kikiwa kimezimwa. Kwa hiyo ni kuchomoa kweli kweli, kuinama chini ya meza na kusogeza kabati ambalo halijasogezwa tangu liletwe na mkokoteni. Hapo ndipo mwenye nyumba anaijua mali yake. Atakuta ekstensheni iliyopita chini ya kapeti, imechomekwa ekstensheni nyingine, na mwishoni mwake kuna chaja ya simu iliyoibiwa zamani, ingali imekaa kazini kwa uaminifu. Mshukuru nani kwa ugunduzi huo kama si mchongezi?

Vikishachomolewa vyote, pandisha kikono. Kikikaa, rudisha vitu kimoja kimoja, na kila kimoja kipe nafasi ya kufanya kazi yake, usikichomeke tu na kukitangaza salama. Vinavyopasha moto ndivyo vya kushuku kwanza. Koili ya birika, ya hita ya maji au ya oveni imelazwa ndani ya bomba la chuma, na kati ya waya na bomba kumejazwa unga wa magnesiamu oksaidi. Unga huo ni mpenda maji. Bomba likipata ufa mdogo, au kizibo chake cha mwisho kikichoka, unga unakunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina ubahili. Ndiyo maana oveni iliyopumzika tangu Idi iliyopita huangusha swichi mara ya kwanza inapowashwa, na baada ya fundi kuikausha pengine isiangushe tena.

Friji ina uhalifu wa daraja la juu zaidi. Ile isiyogandisha barafu huwa na hita ndogo ya kuyeyushia barafu, imejificha nyuma ya friza, nayo huwaka mara chache kwa siku kwa wakati wake. Hita hiyo ikivuja, umeme utakatika saa tisa usiku, watu wamelala, hakuna aliyegusa kitu. Unapandisha swichi, pengine inakaa mpaka usiku wa pili. Mchana kutwa friji inaunguruma kwa unyenyekevu, imebeba maziwa ya mtoto, na asiyejua angeiapia.

Hao ni wahalifu wa kawaida. Kuna mmoja anayestahili sura yake peke yake.

Umechomoa kila kitu, na swichi bado inaanguka. Umeshusha breka zote ndogo, na baada ya nusu saa imeanguka tena. Mtu mwenye akili timamu hapo huanza kuuamini ule mbuyu wa bibi. Lakini zile breka ndogo nazo kwa kawaida hukata laini tu. Nyutro zote zinaendelea kukutana kwenye baa moja ndani ya boksi, na kama mahali fulani ukutani nyutro imegusa athi, ule waya wa kwenda ardhini, mgusano huo upo breka iwe juu au iwe chini. Sasa ona hila yake. Nyutro haitulii kwenye sifuri. Jioni watu wakianza kupiga pasi na kupasha maji, waya wa mtaa unalemewa, na nyutro inapanda volti moja, mbili, tatu juu ya ardhi. Fimbo ya athi iliyopigwa kwenye mchanga yaweza kuwa na ukinzani wa omu 50. Volti 2 kwa omu 50 ni miliampea 40. Swichi yako inakata kwa sababu mtaa unapika, nawe umeketi gizani, hujawasha kitu, ukimtafuta mchawi.

Na ndani ya nyumba yenyewe, atakayekamatwa kila mara ni asiyehusika. Ukiwasha hita ya bafuni, swichi inaanguka. Hita inashushwa, inafunguliwa, inapimwa, ni nzima. Imeponzwa na wingi wa umeme inaoutumia: sehemu ya umeme wake wa kurudi imeona mlango wazi kwenye waya mwingine kabisa, ikapita huko.

Tiba yake ni fundi, na hapa sisemi mzaha, kwani boksi likishafunguliwa si mahali pa shemeji. Umeme unakatwa kwenye swichi kuu na kuhakikishwa kwa testa. Fundi anazilegeza nyutro kwenye baa, anazitenga moja moja, kisha anachukua kipimo wanachokiita mega. Kipimo hicho husukuma volti 500 kati ya waya na waya ambazo hazina umeme, ili kuona kama kuna kinachopenya. Waya mzima huonyesha mamia ya megaomu. Ukishuka chini ya 1, hapo pana jambo. Nimemwona fundi mmoja huko Tabata akizipitia hivyo, nyutro baada ya nyutro, mpaka mshale ukalala chini kwenye ile ya chumba cha kulala. Akaingia, akaangalia soketi, akafuata kwa macho mstari wa bomba la waya linavyopanda ukutani, na macho yake yakaishia kwenye picha ya harusi. Msumari ulikuwa mrefu, wa inchi tatu, wa watu waliotaka picha yao idumu. Ulikuwa umechoma bomba, ukaziunganisha nyutro na athi. Bwana na bibi harusi walikuwa wanatabasamu.

Huku kwetu pwani kuna na wahalifu wenye miguu. Sisimizi hupenda joto la soketi na kujenga humo. Mjusi huingia nyuma ya swichi akakaukia hapo, amelala kutoka laini hadi athi. Masika ikishuka, soketi ya barazani, taa ya getini na pampu ya kisima hushindana nani awe wa kwanza. Swichi inayoanguka kila mvua inyeshapo imeshakupa nusu ya jibu, anzia nje.

Na kuna siku mhalifu hayupo. Unachomoa televisheni, swichi inatulia. Unairudisha na kuchomoa kompyuta, inatulia vile vile. Kila chenye bodi ya kielektroniki huvujisha kidogo kwenye athi kwa kuumbwa kwake, miliampea moja hapa, mbili kule, kihalali kabisa. Swichi ya 30 nayo inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30. Kwenye nyumba iliyosheheni kompyuta, mashine ya kufulia, dikoda na chaja, akiba imekwisha kabla kosa halijatokea, na yeyote atakayeingia mwisho ndiye anayeiangusha swichi. Mafundi wanaofuata viwango vya Uingereza huambiwa wasiache uvujaji wa kawaida upite asilimia 30 ya kiasi cha swichi, yaani miliampea 9. Dawa ni kugawa soketi, kila kundi lipate swichi yake. Ni gharama, naam, lakini angalau mechi itakatika chumba kimoja.

Sasa nimkabili adui. Yupo fundi ambaye, akiitwa mara ya tatu kwa tatizo lile lile, hutoa waya kipande, akairuka swichi kabisa, akapokea pesa yake. Umeme haukatiki tena. Anasifiwa mtaa mzima na kupewa kazi nyumba nne zinazofuata. Mwenzake aliye mpole zaidi huleta swichi ya miliampea 300, akasema hii imetulia. Kweli imetulia: hiyo ni ya kuzuia moto usizuke kwenye nyaya, nawe ukishikwa na waya itakutazama. Swichi isiyokata kabisa kwa kawaida ina maelezo mawili, ama nyumba haina kosa, ama swichi imekufa. Kile kitufe cha T ndicho cha kuamulia. Ukikibonyeza, kinapitisha umeme kidogo nje ya pete kwa makusudi, na swichi nzima hukata papo hapo. Hapa kwetu ambako chumvi hula hata bawaba, kikono kilichokaa juu miaka kikiwa hakijashushwa chaweza kunasa. Ukibonyeza na taa zikaendelea kuwaka, usishangilie.

Mpaji sifa mwaminifu hutaja na kasoro. Huyu bwana haoni mzigo kuzidi. Hiyo ni kazi ya breka. Akiwepo mtu amesimama juu ya stuli kavu, mkono mmoja umeshika laini na wa pili nyutro, kwake hesabu imetimia, uliokwenda umerudi, na hatasema kitu. Zile za aina ya AC zinaweza kupumbazwa na umeme mnyoofu unaovuja kwenye vifaa vya inveta, ndiyo maana siku hizi hupendekezwa aina ya A. Radi humshtua. Ukiwa umesafiri akishtuka, samaki kwenye friza watakupokea mlangoni.

Kasoro nyingine ni yetu, tumemsingizia. Swichi hii hukata hata nyumba ikiwa haina athi, lakini pasipo athi uvujaji unabaki kwenye bodi ya kifaa, unangoja. Hauna pa kwenda mpaka aje mtu, na swichi haiwezi kuchongea umeme ambao haujaondoka. Penye athi hukata siku ile ile kosa linapozaliwa, kabla hajagusa mtu. Ndipo huonekana mkorofi.

Nyumba zetu nyingi zimeishi muda mrefu na friji inayong'ata. Kila aliyemo anajua. Mgeni huambiwa mapema, vaa ndala ukifungua friji, na ndala zenyewe zimewekwa hapo chini kwa kazi hiyo. Yule fundi wa Tabata aliitwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Akapiga athi mpya, akafunga swichi ya 30, akarudisha umeme. Swichi ikaanguka. Akachomoa friji, ikakaa. Akairudisha, ikaanguka.

"Mama, swichi ni nzima," akasema. "Friji ndiyo mbovu. Inavuja."

Mama akamtazama kwa huruma, kisha akaitazama friji.

"Mwanangu, friji hii nimezaa nayo watoto watatu, haijazima umeme hata siku moja. Hiyo swichi yako imeingia hapa leo saa nne."